Mali bila daftari: shule zetu na bei ya programu za kompyuta

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet si mtu wa kudanganywa kwenye mizani. Apelekapo majani yake mabichi katika kituo cha kununulia, husimama karibu na karani, akazitazama tarakimu zinavyopanda, akauliza amekatwa kiasi gani kwa ajili ya uzito wa gunia, na haondoki hapo kabla hajaishika risiti yake mkononi. Kilo moja ikipungua bila maelezo, pana mjadala utakaosikika ng'ambo ya bonde. Risiti ile huitunza nyumbani hadi malipo ya mwezi yafike, na wengine huzitunza zote hadi Oktoba, wakati wa bonasi, wapate kulinganisha.

Ajabu ni kwamba mkulima huyo huyo, akiteuliwa kuwa mwanachama wa Bodi ya Usimamizi ya shule ya kijijini mwake, aweza kuidhinisha ununuzi wa mfumo wa kompyuta kwa mamia ya maelfu ya shilingi bila kuuliza hata moja kati ya maswali yale aliyoyauliza mizanini. Mwalimu mkuu naye huona haya kuuliza, asije akaonekana hajui mambo ya kisasa. Mhasibu hutazama jumla iliyo chini ya karatasi tu. Mkataba wenyewe, ukiwapo, ni ukurasa mmoja wenye bei na sahihi mbili.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la shule limehamia ndani ya kompyuta: alama za mitihani, karo iliyolipwa na isiyolipwa, mahudhurio, nambari za simu za wazazi, hata maradhi ya watoto. Yafaa basi tujiulize daftari hilo limehamia huko kwa masharti ya nani. Rai yetu ni kwamba shule inaponunua programu, swali la kwanza lisiwe "ni pesa ngapi?" bali liwe "tunalipa kwa kipimo gani, na kazi ikiharibika hasara ni ya nani?" Namna ya kulipa ndiyo huamua tabia ya muuzaji, na watu wa nchi ya chai wanalijua jambo hili kuliko wengi, ingawa hawajalihamisha kutoka shambani hadi ofisini.

Chanzo kimoja cha uzembe huu ni historia ya bidhaa yenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya kompyuta, programu zilikuja pamoja na mashine kama mpini unavyokuja na jembe, na mnunuzi hakuonyeshwa bei yake. Ilikuwa Juni 1969 ambapo kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba ingetenganisha bei ya programu na huduma kutoka kwa bei ya mashine. Tangu hapo uundaji wa programu ukawa biashara inayojitegemea, yenye bei zake na mikataba yake. Shule zetu nyingi bado zinafikiri kana kwamba tuko kabla ya mwaka huo. Kompyuta huhesabiwa kuwa mali kwa sababu ina uzito na yaweza kupigwa muhuri wa shule. Programu huonekana kama hewa, kitu kisichohitaji kuchunguzwa. Kumbe mashine ikiibwa shule hununua nyingine, ilhali rekodi za miaka sita zikipotea hazinunuliki popote.

Tuzitazame basi namna kuu za kulipia kazi hii, moja baada ya nyingine.

Namna ya kwanza ni bei ya jumla. Shule na mwenye kuunda programu hukubaliana juu ya kazi na bei kabla ya kuanza, kama vile fundi anavyopewa kandarasi ya kujenga darasa. Uzuri wake ni kwamba Bodi inajua mapema kiasi itakachotoa, na kazi ikichukua muda mrefu zaidi hasara ni ya fundi. Ubaya wake ni kwamba darasa lina ramani, ilhali shule nyingi hazina ramani ya mfumo zinaoutaka. Mwundaji asiyejua ataombwa nini kesho ana njia mbili tu: aongeze bei ili ajikinge, au akubali bei ndogo kisha aifanye kazi kwa haraka aondoke.

Mfano uko mlangoni petu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shuleni Januari 2026. Mfumo ulioundwa kwa ajili ya 8-4-4, wenye kujumlisha alama na kutoa gredi ya wastani kutoka A hadi E, hauwezi kuandika ripoti ya mtoto anayepimwa kwa kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia au kuwa chini yake. Nani alipie mabadiliko hayo? Ikiwa mkataba wa bei ya jumla hausemi lolote kuhusu mabadiliko ya mtaala, mwundaji atasema hiyo ni kazi mpya, na atakuwa na haki. Shule itasema ilinunua mfumo wa kuandika ripoti, nayo pia itakuwa na haki. Ugomvi wa wenye haki wawili humalizwa na kifungu kilichoandikwa mapema, na kisipokuwapo hauna mwisho.

Namna ya pili ni malipo ya muda, yaani kwa saa au kwa siku, kama kibarua wa palizi. Hapa mwundaji halazimiki kubahatisha bei, na shule yaweza kubadili nia katikati ya safari. Lakini hasara ya kuchelewa imehamia kwa shule, kwa kuwa kila siku inayopita ina bei. Wala tusidhani kwamba saa nyingi au watu wengi ni sawa na kazi nyingi. Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa programu kubwa katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyokwisha chelewa huichelewesha zaidi, kwa sababu wageni huhitaji kufundishwa na wenyeji. Anayelipa kwa muda hana budi kuweka kikomo cha fedha, na kudai aonyeshwe kila baada ya juma moja au mawili kilichokamilika.

Namna ya tatu ni malipo kwa kipimo: kiasi fulani kwa kila mwanafunzi kwa kila muhula. Kwa hakika hii si kununua bali ni kukodi. Mwundaji hubaki na programu yake, shule huitumia maadamu inalipa. Inafanana na malipo ya mchuma majani, anayelipwa kwa kilo alizopima. Na kila aliyekulia katika mashamba haya anajua kwamba ukilipa kwa uzito peke yake utaletewa uzito, pamoja na majani makuukuu na vikonyo. Ndiyo sababu ya kanuni ya majani mawili na chipukizi, na ndiyo sababu majani hukaguliwa kabla ya kupimwa. Ada ya kila mwanafunzi isiyofungamana na ubora wa huduma ni kilo bila ukaguzi. Mfumo ukizimika wiki ya kuandika ripoti, je, ada ya muhula hupungua? Mikataba mingi ya kukodi haineni lolote kuhusu hilo.

Namna ya nne ni ya ada kwa kila malipo yanayopitia mfumoni, au asilimia ya fedha zinazokusanywa. Muuzaji huja akisema programu ni bure kabisa, kwamba atachukua kidogo tu kutoka kwa kila karo inayolipwa. Wakulima wetu wanaufahamu undani wa namna hii. Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai iliyoundwa mwaka 1964 iligeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000, nayo KTDA imekuwa ikisimamia viwanda vya wakulima, kama vile Litein, Kapkatet, Kapkoros na Mogogosiek, kwa mikataba ya usimamizi inayolipiwa ada. Kwa miaka mingi wakulima wamebishana juu ya ada hiyo, inahesabiwaje na msimamizi anapata nini mwaka ambao mkulima amepata kidogo. Ni mjadala uliokuwamo pia katika safari ya kuelekea Sheria ya Chai ya mwaka 2020. Mtu aliyewahi kusimama katika mkutano wa kiwanda akauliza swali hilo hana sababu ya kunyamaza shuleni anapoambiwa kwamba mfumo ni bure.

Juu ya namna zote hizi huja ada ya matunzo. Programu si jiwe la kusagia linalorithiwa na wajukuu. Simu na kompyuta hubadilika, makosa hugunduliwa, sheria mpya hupitishwa. Katika biashara hii duniani ni kawaida kutoza kila mwaka kati ya asilimia 15 na 22 ya bei ya kununulia kwa ajili ya matunzo. Bodi inayopanga fedha za ununuzi pekee imepanga mahari ikasahau chakula cha nyumbani.

Na tupige hesabu, kwa maana wasomaji wetu ni walimu na wanafunzi. Tuseme shule ina wanafunzi 600, na waundaji watatu wameleta bei zao. Wa kwanza anataka Sh300,000 kwa jumla, matunzo ya mwaka wa kwanza yakiwa humo, kisha asilimia 20, yaani Sh60,000, kila mwaka unaofuata. Wa pili anataka Sh100 kwa kila mwanafunzi kwa kila muhula, ambazo ni Sh180,000 kwa mwaka. Wa tatu anasema hataki kitu kwa shule, ila Sh20 kila mzazi anapolipa karo.

Mwaka wa kwanza wa pili anaonekana nafuu. Mwisho wa mwaka wa pili mizani inalingana: kila mmoja wa hao wawili amepata Sh360,000. Mwisho wa mwaka wa tano wa kwanza amepata Sh540,000 na wa pili Sh900,000. Hata hivyo tusikimbilie kusema wa kwanza ndiye bora. Akitoweka baada ya miezi minane, Sh300,000 zimekwenda naye. Wa pili akitoweka siku hiyo hiyo, shule imepoteza zile ilizolipa hadi hapo, na muhula ujao haimlipi. Tofauti ya Sh360,000 ni bei ya kujikinga. Bodi yaweza kuamua kwamba kinga hiyo ni ghali mno, au kwamba inafaa. Kosa ni kuamua bila kujua kwamba kuna uamuzi unaofanywa.

Na yule wa tatu wa "bure"? Wazazi wakilipa mara tatu kwa muhula, kwa wastani, malipo ni 5,400 kwa mwaka, na ada yake ni Sh108,000. Kwa miaka mitano ni Sh540,000, sawasawa na yule wa kwanza. Lakini mzigo umegawanyika kwa njia nyingine. Mzazi mwenye mshahara mnono hulipa karo yote mara moja kila muhula, na ada yake kwa mwaka ni Sh60. Mzazi anayengoja malipo ya majani kila mwezi, akauza na debe la mahindi katikati, akalipa mara sita kwa muhula, ada yake ni Sh360. Aliye na kidogo ndiye anayelipia mfumo mara sita ya mwenzake, na wala hakuwapo mezani mkataba ulipotiwa sahihi.

Hili si jambo la kufikirika. Januari 2024 Wizara ya Elimu iliwaagiza wakuu wa shule za kitaifa kwamba karo ilipwe kupitia jukwaa la eCitizen, ambalo wakati huo lilitoza ada ya Sh50 kwa malipo. Agizo hilo lilipelekwa mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba lilikuwa kinyume cha Katiba. Ile ada ya Sh50 ilikuwa miongoni mwa yaliyohojiwa. Wengi waliijadili kesi hiyo kama ugomvi kati ya Serikali na wazazi. Kwa macho yetu, ilikuwa pia somo la bei: ada ndogo kwa kila malipo ni ndogo kwa anayelipa mara moja tu.

Na tusidhani kwamba wakubwa wana macho kuliko sisi. Mfumo wa kompyuta wa afya unaohudumia Mamlaka ya Afya ya Jamii ulikabidhiwa muungano wa kampuni, Safaricom ikiwamo, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh104.8 bilioni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Bi Nancy Gathungu, iliyojulikana mapema mwaka 2025, ilieleza kwamba fedha hizo zingetokana na asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali, miongoni mwa vyanzo vingine, na ikatia wasiwasi kwamba Serikali haikuwa mwenye mfumo huo wala msimamizi wake. Ikiwa taifa zima, lenye mawakili na wataalamu, laweza kuulizwa funguo za nyumba yake ziko kwa nani, shule ya kutwa iliyo kati ya Sotik na Litein haina budi kujiuliza swali hilo mapema zaidi.

Sheria za Kenya zinampa mnunuzi msaada ambao wengi hawaujui. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huzihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na kifungu chake cha 31 chasema kwamba mtu akiagiza kazi itengenezwe, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kutazamwa. Sentensi moja iliyofichwa chini ya ukurasa wa tatu yatosha kukurudisha kutoka mwenye nyumba hadi mpangaji. Aidha, programu ya kukodi haikuagizwa nawe, kwa hiyo usitarajie kuimiliki. Dai badala yake haki ya kuondoka na rekodi zako.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo yataka shule inayomkabidhi mtu mwingine kazi ya kushughulikia data iwe na mkataba wa maandishi naye, unaomfunga kufanya yale tu aliyoagizwa. Data za watoto zina ulinzi wa ziada, na huhitaji idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Faini kama hiyo ingemeza mifumo yote mitatu ya mfano wetu kwa pamoja, na mwundaji aliyelipwa fedha taslimu bila karatasi hangekuwapo kuichangia. Isitoshe, shule za umma zimo chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, ambayo haitambui mkataba usioandikwa. "Tulikubaliana kwa simu" si jibu la kumpa mkaguzi.

Je, shule ifanye nini? Twashauri ichanganye namna hizi badala ya kufunga ndoa na moja. Kazi ya mwanzo, ambayo mipaka yake yajulikana, ilipwe kwa bei ya jumla, lakini kwa awamu. Mgao wa Serikali wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili, uliowekwa mwaka 2018, hupangwa kutolewa kwa mafungu matatu katika mihula mitatu: asilimia 50, 30 na 20. Awamu za malipo zaweza kufuata kalenda hiyo hiyo, ili shule isiahidi fedha isizo nazo. Kila awamu iwe na kituo chake cha kupokelea kazi: karo ya darasa moja iingizwe na ilingane na kitabu cha mhasibu, ripoti za kidato kimoja zichapishwe na walimu wazikague. Kisicholingana kirudishwe kama majani makuukuu yanavyorudishwa, na malipo yasubiri.

Mabadiliko yasiyotabirika, kama yale ya mtaala, yalipwe kwa siku za kazi, kwa bei ya siku iliyoandikwa tangu mwanzo na kikomo cha mwaka. Matunzo yawe na ada ya mwaka, pamoja na muda wa kuitika: saa ngapi mfumo ukizimika wakati wa mitihani, siku ngapi wakati wa likizo. Nakala ya rekodi zote ipatikane kila muhula, katika umbo linalofunguka bila programu ya mwundaji, na ikae kabatini kwa mwalimu mkuu. Neno la siri la msimamizi wa mfumo lijulikane na watu wawili wa shule. Na iandikwe wazi kama bei imejumlisha ile kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, kwa maana Sh300,000 zaweza kugeuka Sh348,000 siku ya ankara.

Patakuwa na watakaosema kwamba haya ni mambo ya kampuni kubwa, na kwamba shule ndogo haina fedha za wakili. Twalikubali neno hilo kwa sehemu. Mkataba wa kurasa 40 haumfai mtu. Lakini yote tuliyoyataja yaingia katika kurasa mbili za Kiswahili au Kiingereza chepesi, na mwalimu anayeweza kutunga mtihani wa insha aweza kuyaandika. Wengine watasema kijana wa hapa kijijini ataogopa masharti na kukimbia. Huyo ndiye tunayetaka kusema naye sasa, kwa kuwa mkataba mbaya humuumiza yeye kabla ya kuiumiza shule.

Kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Kabianga au kwingineko, akiitwa na shule aliyosomea, hutaja Sh30,000 kwa mfumo mzima. Huona aibu kumtajia mwalimu wake wa zamani bei kubwa, na mwalimu humwita mwanangu, na mambo yakaisha hapo. Kazi inachukua miezi mitatu. Amejilipa Sh10,000 kwa mwezi, na humo humo atoe nauli, intaneti na umeme. Mwezi wa nne akipata ajira Nairobi ataondoka, na hatuna neno la kumlaumu. Shule iliyofurahia bei rahisi imebaki na mfumo usio na mwenyewe.

Ajifunze kupiga hesabu kwa njia nyingine. Tuseme anahitaji Sh40,000 kwa mwezi ili aishi. Siku zote za mwezi haziuziki. Nyingine zinakwenda kutafuta kazi, kusafiri na kujisomea. Akiweza kuuza siku 10, bei yake ya siku haiwezi kuwa chini ya Sh4,000, na hapo hajaweka gharama. Kazi ya siku 30 ni Sh120,000. Akitaka kumpunguzia mwalimu wake kwa ajili ya heshima, apunguze waziwazi, aandike bei kamili na punguzo kando yake, ili shule ijue thamani ya kilichotolewa. Heshima iliyoandikwa hudumu. Ile isiyoandikwa hugeuka kinyongo pande zote mbili.

Walimu wa somo la Biashara na wa Kompyuta wana nafasi hapa isiyohitaji kibali cha wizara. Wakusanye mikataba miwili mitatu ya huduma, waondoe majina, wawape wanafunzi waisome darasani na kuuliza: kipimo ni nini, nani anabeba hasara ya kuchelewa, rekodi ni za nani, tutatokaje tukitaka kutoka? Mwanafunzi atakayeweza kujibu maswali hayo manne atafaa kuwa mwundaji wa programu, mwanachama wa Bodi, au mkulima mwenye hisa kiwandani. Na huenda akawa yote matatu, katika maisha moja, humu humu Kericho na Bomet.

Hatuwaombi wazee wa Bodi wajifunze kuandika programu. Twawaomba waje mkutanoni na macho yale yale wanayoyatumia kwenye kituo cha kununulia majani: waikaribie mizani, waulize kilichokatwa, na wasiondoke bila risiti.